Dozi Niliyoitunga Mwenyewe

Nianze na wale mliopiga simu tangu Jumamosi kuuliza kama mdogo wangu bado yu hai. Nawashukuru. Na yule aliyeniuliza hali ya mgonjwa, halafu kwa pumzi hiyo hiyo akaomba nimtafutie mapazia ya mita tano rangi ya maziwa, namjibu hapa hapa: yapo.

Yapo. Ndiyo kazi yangu hiyo, na ndiyo iliyonifikisha hapa.

Kwa aliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: naitwa Ritha, mzaliwa wa Masasi, winga wa Kariakoo mwaka wa kumi na tisa huu. Winga hana duka. Winga ana miguu na mdomo. Mteja akitaja kitu, winga anasema kipo, anamkalisha kwenye kiti cha jirani, anapotelea vichochoroni, anarudi nacho kutoka duka la mtu mwingine akijifanya kakitoa chumbani kwake. Neno "hakuna" kwetu halitamkwi. Ukilitamka mara moja, mteja anahama na mashangazi zake wote.

Wiki jana mliniacha kwenye benchi la hospitali, ng'ambo ya bonde la Jangwani. Mdogo wangu Athanas, kibarua wa bandarini, mwanaume anayebeba gunia huku anaimba, alikuwa wodini na oksijeni puani. Mafua yalikuwa yamemshukia kwenye mapafu. Siku ya nne akapata nafuu, akaomba hata chapati. Siku ya sita akaanza kuzama.

Niliwaambia hivyo tu. Sikuwaambia kilichoingia kati ya siku ya nne na ya sita, maana niliona haya.

Niliingia mimi, na chupa.

* * *

Asubuhi ile ya siku ya sita, Daktari Elisaria alituita kwenye korido, mimi na wifi yangu Angelina, mke wa Athanas. Daktari mwenyewe ni kijana mrefu, mpole, ana sauti ya mtu anayesoma matangazo ya misa.

"Mama zangu, nisikilizeni," akasema. "Huyu mtu alikuwa anapanda. Sasa anashuka, na hashuki kama mgonjwa wa mafua. Anatokwa mate kama mtoto anayeota meno. Jasho limelowesha shuka mbili. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Na mapafu yanajaa maji. Amekunywa nini?"

Angelina akaniangalia.

"Maji ya limau, daktari," nikasema.

"Na tangawizi," Angelina akaongeza, maskini ya Mungu, akidhani ananisaidia.

"Basi?"

"Basi."

Daktari akavuta pumzi. "Mimi sigombani na mtu kwa ajili ya mizizi. Bibi yangu kanichemshia nikiwa mdogo, nimekunywa na nimekua. Siulizi ili niwaseme. Dalili hizi nikizisoma zinanipeleka kwenye sumu, lakini sumu mtu anaipataje kitandani, mbele ya manesi? Kuna sindano naweza kumchoma. Nikiichoma bila kujua, moyo huu uliochoka unaweza usiivumilie. Nikijua, namchoma sasa hivi. Kwa hiyo nauliza tena."

Jamani, nilikuwa nimeshika pindo la kanga mpaka vidole vimekufa ganzi. Jibu lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi.

"Limau na tangawizi," nikasema.

Akafunga faili. Akaondoka bila kutuangalia.

"Wifi," Angelina akaninong'oneza, "tungemwambia."

"Umwambie nini? Watuchukulie dawa waimwage? Hujamsikia anasema maji yamejaa mapafuni? Hiyo chupa ndiyo inayomshikilia."

"Lakini asubuhi ya leo ameitapika."

"Ndiyo inatoa uchafu! Jioni usikatize. Ukikatiza dozi, umemuua wewe."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ili nisije nikajipunguzia.

* * *

Sasa mtauliza, dawa gani?

Kariakoo kuna mzee anaitwa Vasant, anauza viungo. Binti yake Shreya hakutaka iliki wala bizari, akasoma kemia, sasa yuko maabara moja hapa mjini. Wanatafuta ndani ya mimea kitu kinachoweza kuzuia kirusi cha mafua kwenye mapafu. Mwaka huu alitaka gome la mti mmoja wa kwetu kusini. Baba yake akamwambia, mtafute Ritha, nami nikampelekea mfuko.

Jina la mti silitaji. Mhariri kanikataza, na ninyi nawajua: likichapwa leo, keshokutwa ule mti umebaki mifupa.

Shreya alinieleza kazi yao vizuri, nakiri. "Dada Ritha, tunaotesha seli za mapafu kwenye kisahani. Tunatia kirusi. Halafu tunatia kilichochujwa kutoka kwenye gome, tunaangalia nani anabaki."

"Na nani kabaki?"

Akacheka kama mtoto aliyepata namba moja darasani. "Mfuko wako wa kwanza, kirusi kilishindwa kuzaliana. Seli zikabaki hai. Lakini ni kisahani, dada. Mtu siyo kisahani. Baada ya hapo kuna panya, kuna miaka, na vingi vinavyofanya kazi kwenye kisahani vinafia njiani. Usimwambie mtu ni dawa."

Mimi nilisikia maneno manne. Kirusi kilishindwa. Seli hai. Hayo mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile, yakaendelea na safari zake.

Akataka mfuko wa pili, mkubwa. Nikasema upo.

Haukuwepo. Yule mzee ninayemchukulia, Bushiri wa majani na mizizi, mzigo wake kutoka Masasi ulikuwa umekwama. Lakini nilimkazania: mteja ni msomi, usiniaibishe. Bushiri naye ni mtu wa Kariakoo. Akasema, "Upo, nipe nusu saa." Akanipa mfuko umeshatwangwa tayari, unga laini wa kahawia.

Siku hiyo hiyo ndiyo Athanas alipolazwa.

Nikafungua ule mfuko, nikatoa unga wa kujaza kopo, kilichobaki nikampelekea Shreya. Siku mbili nikakaa na lile kopo kama mtu aliyeficha embe. Siku ya nne nikauchemsha ule unga, nikajaza chupa ya juisi, nikaipeleka wodini chini ya kanga.

"Dada, hii nini?" Athanas akauliza. Alikuwa amekaa kitandani, siku ile ya chapati.

"Kunywa. Imevishinda virusi maabara, itakushinda wewe?"

"Chungu kama mahari."

"Glasi nzima asubuhi, glasi nzima jioni, siku saba, usikatize."

Dozi hiyo hakunipa mtu. Niliitunga pale pale, nikiwa nimesimama, kama ninavyomtungia mteja saizi ya kiatu cha mumewe aliyeko Mbeya.

* * *

Baada ya ule uongo wa kwenye korido nikarudi Kariakoo. Msinihukumu, mtu akiogopa anakimbilia mahali anapopajua. Mvua ilikuwa imeanza tangu saa nne, ile mvua ya kumwaga kama mtu kapindua pipa. Kufika saa tisa na nusu nilikuwa nimejibanza chini ya turubai la muuza masufuria, nikimdanganya mama mmoja kuwa mfuniko wake upo.

Simu ikaita. Shreya.

"Dada Ritha, uko wapi?"

"Kazini, daktari wangu. Vipi, kirusi kimeomba po?"

"Kaa chini."

"Winga hakai chini, mguu ndiyo duka."

"Kaa chini, dada."

Sauti yake haikuwa na ule utoto. Nikakalia sufuria la watu.

"Huu mfuko wa pili ni wa mti gani?"

"Ule ule."

"Siyo ule ule. Umeua kirusi, ndiyo. Na seli zote umeziua. Zenye kirusi na zisizo na kirusi, kisahani kizima kimekufa. Nikadhani nimekosea mimi, nikarudia. Nikapeleka unga kwenye mashine. Dada, humu ndani kuna dawa ya kuulia wadudu. Siyo kitu cha mti. Ni ya dukani, ya kupuliza."

"Lakini si umesema kirusi kimekufa?"

"Hata petroli inaua kirusi! Swali siyo nini kinakufa, swali ni nani anabaki! Nisikilize. Ule unga, mtu yeyote kaushika? Kauonja?"

Mvua ilikuwa inapiga turubai mpaka nikatamani inizibe masikio kabisa.

"Dada Ritha?"

"Niko."

"Kuna mtu kautumia?"

Hapo, wasomaji wangu, ulimi uliosema "upo" kwa miaka kumi na tisa ulikauka ukawa kipande cha ubao.

"Mdogo wangu," nikasema. "Siku tatu. Asubuhi na jioni."

Shreya akaanza kusema haraka haraka. "Anatoka jasho? Mate? Macho yamekuwa madogo?" Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. "Mungu wangu. Dada, hiyo inatibika, ina sindano yake, lakini daktari lazima ajue. Lazima ajue sasa hivi. Na asinywe tena hata tone. Mimi napiga hospitali, nipe jina la wodi. Wewe nenda kamwone aliyekuuzia, umuulize ni dawa ipi hasa. Wadudu gani. Daktari atalihitaji hilo."

* * *

Kwa Bushiri ni mitaa miwili. Sikumbuki kukanyaga chini.

Mzee alikuwa amekaa katikati ya magunia yake na kofia ya kiua, kashika kikombe cha kahawa, ametulia kana kwamba mvua inanyesha nchi nyingine.

Kwa mazoea tu mdomo ukatamka, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umelowa hivyo, njoo..."

"Lile gome la pili ulilitoa wapi?"

"Lipi?"

"Ulilonitwangia! Juma lililopita! Nimekwambia nataka la Masasi, ukasema nusu saa!"

Akaweka kikombe chini. Akanitazama kama mtu anayetafuta mzaha ulipo.

"Ritha, unanitania."

"Mzee Bushiri, Athanas anakufa."

Kofia akaivua. "Lile," akasema polepole, "si lako?"

"Langu vipi?"

"Gunia lako. Uliloniachia stoo mwezi wa sita. Ukasema, mzee nihifadhie magome yangu. Mzigo wangu haujafika, wewe unanisukuma, mteja msomi, usiniaibishe. Nikaenda stoo nikaona magome yako yapo. Nikatwangisha." Akainua mikono. "Mimi nikajua unajua. Unaweka magome kwa muuza dawa, yawe ya nini? Ya kujengea?"

Nikakalia gunia la karibu. Lilikuwa la ubani, nalikumbuka kwa harufu.

Mwezi wa sita. Kuna mama mmoja wa bustani aliniambia anataka magome ya kutandaza chini ya maua. Nikasema yapo. Nikaenda kwa mafundi seremala, wakanipa gunia bure, magome waliyobandua kwenye mbao. Nakumbuka fundi mwenyewe, Tarsis, na penseli yake sikioni, akinifungia lile gunia kwa kamba.

"Haya ya maua tu, dada," alisema. "Usije ukayachoma jikoni. Mbao hizi tumezipiga dawa ya mchwa zikiwa na magome yake."

"Kwani mimi mchwa?" nikamjibu. Tukacheka wote wawili.

Mama wa bustani akahamia Dodoma. Gunia nikalitupia stoo kwa Bushiri. Nikasahau.

Miezi yote hiyo lilikuwa limekaa pale linanisubiri. Nimeinunua mwenyewe mali yangu mwenyewe, nimempikia mdogo wangu.

"Dawa ya mchwa," nikasema.

"Nini?" Bushiri akauliza.

"Nimempa dawa ya mchwa, mzee. Kwa glasi."

Mzee wa watu akasema, "La ilaha illallah," na katika kuinuka akakipiga teke kikombe cha kahawa.

* * *

Nikampigia Tarsis nikikimbia. Akapokea mara ya tatu, mashine inanguruma nyuma yake.

"Dawa gani mlipuliza? Jina!"

"Dada Ritha? Kwema?"

"Jina la dawa ya mchwa, Tarsis, usiniulize kitu!"

Akaenda kuangalia. Nikasikia makopo yanagongana. Akarudi akanisomea herufi kwa herufi, na mimi nikaziandika kwenye mkono kwa peni ya bluu, nikaufunika kwa kiganja mvua isizifute.

Nikapata boda. "Hospitali, ng'ambo ya Jangwani!"

"Tutajaribu, mama."

Tulijaribu mpaka tulipofika pale barabara inapoteremka bondeni. Mbele hapakuwa na barabara. Palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, upana wa uwanja wa mpira na zaidi, yanakokota matairi, magodoro na mlango wa mtu. Trafiki wawili wamefunga njia kwa utepe.

"Pamefungwa," akasema mmoja. "Rudi, zunguka mjini."

"Kuzunguka muda gani?"

Akacheka bila raha. "Foleni hii? Labda saa mbili."

Saa yangu ilikuwa saa kumi na dakika nane. Kwa hospitali, saa kumi ni saa ya kuona wagonjwa. Kwa dozi yangu, saa kumi ni glasi ya jioni.

Nikampigia Shreya. "Napiga wodi haipokelewi," akasema, analia sasa. "Mapokezi wanasema subiri, subiri. Mpigie mtu aliye ndani!"

Angelina. Nilimpigia mara nne. Ya tano akapokea, na nyuma yake sauti za wanaume, nyingi, za furaha.

"Wifi!" akasema. "Usiwe na wasiwasi, wenzake wa bandarini wamekuja! Kikosi kizima, mvua yote hii! Wamemkalisha kitandani, amefumbua macho."

"Angelina, ile chupa..."

"Ndiyo nakwambia! Alikuwa hataki. Nikawaambia asubuhi aliitapika na dada yake kasema asikatize. Sasa wanambembeleza, wamesema glasi ya asubuhi na ya jioni atazinywa kwa pamoja, afidie."

"Asinywe! Angelina! Ni sumu! Asinywe!"

"Nini? Sikusikii, wifi, mvua inapiga bati!"

"SUMU!"

"Eee, nitamwambia unamsalimu!"

Na kwenye simu nikasikia wimbo. Ule wa gunia. Ule anaouongoza Athanas mwenyewe kila siku pale bandarini, mmoja anaita, wengine wanaitikia, na kila wakiitikia gunia linapanda bega. Nimeusikia sebuleni kwangu mara mia, akiwaimbia watoto wangu mpaka wamalize uji.

Safari hii hakuwa akiongoza yeye. Walikuwa wanamwimbia. Mmoja anaita, wengine wanaitikia, na kila wakiitikia, najua kinachopanda.

Simu ikakata. Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga. Haipatikani.

Nikaangalia mkono. Herufi za mwisho mbili zilikuwa zimeanza kutiririka kuelekea kwenye kiwiko.

"Mama," yule trafiki akasema, "mama, unafanya nini? Mama, we mama!"

Nikaushikilia ule mkono juu ya kichwa, kama mtoto anayetaka kujibu swali darasani. Kwa ule mwingine nikavua viatu, nikainama kupita chini ya utepe.